Pesa ya Nyangwe ingali inatembea na miguu

Wandugu na wadada wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na ninyi wote watoto wa Maniema mulio Kindu, Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa ao inje ya nchi,

Kila mwaka tunasikia kwa redio kama malipo ya Kongo yanakuwa ya kisasa. Benki Kuu iko na mtambo mpya. Kanda iko na mtambo mpya. Afrika nzima iko na mtambo mpya. Sisi hatukatai. Sisi vijana tuliomaliza chuo, wenye diplome kwa kabati na kazi hakuna, tunapenda mambo ya kisasa kuliko mtu yeyote. Lakini tuko na ulizo moja, na tunaliuliza kwa heshima lakini kwa sauti: mtambo huo unamaliza safari yake wapi?

Kwa sababu hapa Nyangwe pesa ingali inatembea na miguu. Inavuka Lualaba ndani ya mtumbwi. Inapanda kinga na pikipiki. Inafichwa ndani ya kikwembe cha mama, ndani ya soksi, chini ya mchele. Inalala njiani. Mara zingine haifiki, na mara zingine mwenye kuibeba pia hafiki.

Njo maana tunaandika. Malipo si mambo ya mabenki peke yao. Hapa kwetu ni mambo ya uhai.

Njia ni ya zamani, mpaka umekuja nyuma

Wageni wengi wanafikiri Nyangwe ni mwisho wa dunia. Haikukuwa vile. Mwaka wa 1871, Livingstone alipofika hapa, alikuta soko kubwa kwa ukingo wa mto. Wamama walikuwa wanavuka kutoka ngambo zote mbili na samaki, vyungu, mafuta na chumvi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, watu wa wafanyabiashara ya watumwa walipiga bunduki ndani ya soko, na mamia ya watu wakafa, wengi wao wamama. Soko letu lilifahamu mapema kama biashara bila ulinzi ni kifo.

Toka Nyangwe, njia ilipita Kasongo, ikapita Kabambare, ikashuka mpaka ziwa Tanganyika, ikavuka Ujiji, ikaenda mpaka pwani. Watu walilipana kwa nguo, ushanga na simbi. Hatusifu zamani zile hata kidogo: njia ile ilibeba pembe, na ilibeba watu ndani ya minyororo. Tunasema tu kama njia yenyewe ni ya kweli, na lugha tunayoandika hapa ilikuja nayo. Mpaka wa Kongo na Tanzania ulikuja nyuma.

Na njia haijakufa. Bidhaa zinatoka Kigoma, jirani ya Ujiji, zinavuka ziwa mpaka Kalemie ao upande wa Baraka, zinapanda mpaka kwetu. Sabuni, vikwembe, mabati, betri. Mama wa Kasongo anauza mchele na mafuta ya ngazi, anakusanya makuta, anamtumia mtu wa ziwani aende kumununulia. Namna gani atamulipa muuzaji wa ngambo? Anabadilisha franka kwa dola, anapoteza kidogo. Dola inasafiri ndani ya nguo. Kule ngambo dola inabadilishwa kwa shilingi, anapoteza tena kidogo. Na kama noti iko na kipasuko kidogo tu kwa pembeni, inakataliwa. Dola ile ile yenye kununua mkate New York, hapa inakuwa karatasi kwa sababu ya alama ndogo kama ukucha.

Miaka 150 na zaidi imepita, na mama huyu bado anabeba malipo yake kwa mwili kama msafiri wa wakati ule.

Mitambo ni mingi, lakini njia yetu imeanguka katikati

Hapa tunaomba musome polepole, maana njo kiini cha mambo.

Kongo ni mwanachama wa COMESA. COMESA iko na mtambo wa malipo unaoitwa REPSS, ulioanza mwaka wa 2012, na Kongo imo ndani. Vizuri. Lakini Tanzania ilitoka COMESA mwaka wa 2000. Ni kusema mtambo ule hauwezi kumusaidia mama wa Kasongo kumulipa mtu wa Kigoma.

Kongo ni mwanachama wa SADC, na Tanzania pia. SADC iko na mtambo wake toka 2013. Lakini ule ulijengwa juu ya randi ya Afrika Kusini, na ni wa mabenki kulipana pesa nyingi. Nani Kabambare anahesabu bei kwa randi?

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iko na mtambo wake, EAPS, ulioanza kwa kuunganisha Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Sisi tulikubaliwa ndani ya Jumuiya mwezi wa Machi 2022, tukaweka sahihi mwezi wa Aprili, tukakamilisha karatasi mwezi wa Julai mwaka ule ule. Watu walishangilia. Lakini kuingia ndani ya Jumuiya ni kitu kimoja, na kuunganisha malipo ni kitu kingine. Walituambia pia juu ya pesa moja ya Jumuiya nzima: ilipashwa kuanza 2024, ikasukumwa mpaka 2031. Na tangu Januari 2022 kuko PAPSS, mtambo wa Afrika nzima, wenye kutaka kila mtu alipe kwa pesa ya nchi yake na mwenzake apokee kwa pesa ya nchi yake. Wazo ni zuri sana. Lakini nao unapita ndani ya mabenki, na mama wetu hana konti ya benki.

Munaona? Mitambo minne, mitano. Kila mmoja uko na sherehe yake na picha ya mawaziri. Na njia ya Ujiji mpaka Nyangwe, njia ya biashara kati ya watu wadogo, imeanguka katikati ya yote.

Si kwamba haiwezekani. Toka 2015 mtu wa Tanzania anaweza kumutumia mtu wa Kenya pesa kwa M-Pesa, simu kwa simu. Ndani ya Tanzania, kampuni za simu zilianza kuunganishwa mwaka wa 2014, na leo Benki Kuu yao iko na mtambo wa TIPS wenye kupitisha malipo kati ya mabenki na simu papo hapo. Wale si malaika, ni majirani. Tunaona taa zao ngambo ya ziwa.

Mshahara wa mwalimu na safari yake

Tuache ngambo, tuangalie nyumbani.

Mwaka wa 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wa Leta kupitia mabenki. Waziri wa fedha wakati ule alikuwa mtoto wa Maniema, Matata Ponyo. Kabla ya hapo mshahara ulitoka Kinshasa ndani ya mifuko, ukapita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na vidole. Kulipa kwa benki kulikata mikono mingi ile. Tunaisema bila haya: lilikuwa jambo jema.

Lakini benki haikuwa kila pahali. Kwa sehemu za mbali, Caritas ikapewa kazi ya kupelekea walimu mishahara. Baadaye kampuni za simu zikaingia. Na leo hii, mwalimu wa kijiji cha ndani bado analipia mshahara wake mwenyewe. Anafunga darasa. Anapanda pikipiki mpaka kule makuta yanapatikana. Anafika, anaambiwa pesa imekwisha, rudi kesho. Analala kwa ndugu, anakula kwa deni. Mwenye kutoa pesa anakata kitu kidogo kisichoandikwa pahali popote. Mwalimu anarudi na mshahara uliopunguka, na watoto wamepoteza siku tatu ao nne za masomo.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Kama mshahara ni franka 300.000, pikipiki kwenda na kurudi 40.000, chakula na kulala 20.000, na mwenye kutoa anakata 15.000, mwalimu amepoteza 75.000. Ni robo ya mshahara. Kwa karatasi ya Kinshasa amelipwa yote. Kwa nyumba yake amelipwa robo tatu.

Halafu wanauliza: kwa nini elimu ya Maniema inaanguka?

Wakati wa kukamata, rezo ilikuwepo

Kuna jibu moja tunalosikia kila mara: huko kwenu ni mbali, hakuna rezo, hakuna barabara, muwe na uvumilivu.

Wandugu, mukumbuke RAM. Mwezi wa Septemba 2020 serikali ilianza kutoza kila simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Pesa ilikatwa ndani ya uniti, kidogo kidogo. Haikuuliza kama uko Gombe ao uko Nyangwe. Haikuuliza kama barabara iko. Mama aliweka uniti za kumuita mtoto wake, uniti zikapotea. Wananchi walilalamika nchi nzima, barabarani na bungeni, mpaka kodi ile ikafutwa mwaka wa 2022.

Sisi tulijifunza kitu kimoja kwa RAM. Leta inajua kufikia simu ya mtu wa kijiji cha mwisho, na inajua kufanya vile kwa sekunde moja, bila kumukosa hata mmoja. Basi ikiwa njia ya kutoa pesa kwetu ilikuwepo, njia ya kutuletea pesa iko wapi? Rezo yenye kufaa kwa kukamata inapashwa kufaa kwa kulipa pia.

Kwa nini watu bado wanaogopa

Vijana wenzetu wa miji wanasema wazee wa vijiji ni wajinga, wanaficha pesa chini ya kitanda. Hapana. Wazee wako na kumbukumbu.

Mwisho wa Desemba 1979, Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha. Mwenye kuwa karibu na benki aliponea kidogo. Mwenye kuwa ndani ya pori alibaki na karatasi. Halafu zaire ikaanguka mpaka kukakuwa noti ya milioni tano. Mwaka wa 1993 ikaja zaire mpya. Mwaka wa 1998 ikaja franka. Njo maana mpaka leo sehemu kubwa sana ya akiba ndani ya mabenki ya Kongo ni dola. Watu hawachukii franka. Wamechoka kupoteza.

Na juzi juzi, mwaka wa 2025, vita vilipofika Goma na Bukavu, mabenki yalifungwa. Mwenye akiba yake kule alibaki anaiona kwa karatasi bila kuigusa. Watu walibaki na pesa ya simu, na noti zenyewe zikawa haba. Fundisho ni hili: malipo ya simu yalisaidia, lakini simu bila mtu mwenye kukupatia makuta mkononi ni namba tu kwa kioo.

Kwa hiyo mtu akituambia kisasa ni aplikasyo nzuri, tunamujibu: kisasa ni mwenye kabini pale soko la Nyangwe akiwa na franka za kutosha siku ya mshahara. Kisasa ni simu ndogo ya vibonyezo kufanya kazi sawa na simu ya bei. Kisasa ni bei ya kutuma na ya kutoa kuandikwa kwa Kiswahili ubaoni, kila mtu asome. Katiba yetu inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kwa nini basi karatasi ya bei iwe Kifaransa peke yake?

Jibu kwa wenye kuogopa dhahabu

Wakubwa wengine wanatuambia: mukifungua malipo ya Kabambare na Tanzania, dhahabu yote itapotelea pale. Wanasema pia kama Kongo iliwekwa kwa orodha ya kijivu ya GAFI mwezi wa Oktoba 2022, na kwa hiyo tunapashwa kuwa wakali.

Tunaheshimu hofu ile. Kabambare iko na dhahabu, na iko na watu wenye bunduki juu ya dhahabu. Lakini tuulizane: leo, wakati mlango umefungwa, dhahabu inabaki? Inatoka. Na inatoka kwa sababu inalipwa kwa noti, na noti haina kumbukumbu. Malipo ya simu yanaacha alama: nani ametuma, nani amepokea, kiasi gani, siku gani. Weka kipimo kidogo cha kila siku, chenye kumutosha mama wa vikwembe na kisichomutosha mwenye kilo ya dhahabu. Mwizi mkubwa hatatumia njia ile. Mama ataitumia, na hatabeba tena makuta kwa barabara ya watu wenye silaha.

Kufunga mlango wa mama ili kumuzuia mwenye bunduki ni kumupiga mtoto kwa kosa la baba wa jirani.

Tunachodai

Hatutaki hotuba. Tunataka mambo sita, na yote yanawezekana.

1. Kwa Benki Kuu ya Kongo: sheria nambari 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya mifumo ya malipo inawapa kazi ya kuisimamia. Musimamie. Kutuma pesa toka kampuni moja mpaka kampuni nyingine kuwe rahisi, na bei yake isipite bei ya kutuma ndani ya kampuni moja.

2. Kwa kampuni zote za simu: bei za kutuma na kutoa ziandikwe kwa Kiswahili kwa kila kabini, na kuwe namba ya bure ya kushitaki mwenye kukata zaidi.

3. Kwa Wizara ya Fedha na ile ya Elimu: mwalimu apokee mshahara mzima pale anapofundisha. Gharama ya kutoa pesa iwe juu ya Leta, isiwe juu ya mwalimu. Kampuni yenye kushindwa kufikisha noti sehemu iliyopewa inyang'anywe sehemu ile.

4. Kwa Mfuko wa Huduma kwa Wote uliowekwa na sheria ya mawasiliano ya 2020: tunaomba orodha ya minara iliyopangwa kwa Kasongo na Kabambare, na tarehe zake. Orodha ibandikwe kwa ofisi ya teritware, si kwa mtandao tu.

5. Kwa serikali ya Kongo na ile ya Tanzania: tuko pamoja ndani ya SADC na ndani ya Jumuiya. Muanze na jambo dogo, malipo ya simu yenye kipimo kidogo kati ya Kigoma na Kalemie, franka huku, shilingi kule, bila kupita kwa dola. Tusingojee pesa moja ya 2031.

6. Kwa wabunge wetu wa Maniema: toka 1984 nchi haijahesabu watu wake, na wengi wetu hatuna kitambulisho zaidi ya karata ya uchaguzi. Mama asiye na karata hawezi kuandikisha namba yake kwa jina lake, anatumia namba ya bwana ao ya mtoto. Pesa yake si yake. Mulete swali hili bungeni.

Na sisi wenyewe?

Hatuwezi kudai tu na mikono kifuani. Kuanzia mwezi kesho, vijana wa harakati yetu watakuwa sokoni na kwa kabini siku za mshahara, na daftari. Tutaandika bei iliyoombwa, siku iliyongojewa, franka iliyokatwa. Hatutaandika jina la mwalimu wala la mwenye kabini, kwa sababu mwenye kabini mara nyingi naye ni kijana kama sisi, anaotafutia mkate kwa kamisyo ndogo. Tutaandika hesabu. Hesabu zile tutazipeleka Kindu na Kinshasa, na tutazibandika hapa kila mtu azione.

Na tunasema hivi kwa wenye kutafuta namna ya kuwapa vijana kazi: kazi iko. Kila kijiji kinahitaji mtu mwenye kujua hesabu, mwenye kuaminika, mwenye kusoma mesaji kwa bibi asiyejua kusoma bila kumuibia namba ya siri. Kila mnara unahitaji mlinzi na fundi. Tuko na diplome za uchumi, za hesabu, za ufundi, na tunalinda kuta za nyumba za baba zetu. Mutupe mafunzo, mtaji mdogo na sheria ya haki. Hatuombi zawadi.

Wenye kupanga mitambo ya kanda tunawaomba kitu kimoja cha mwisho. Siku ya kupima kazi yenu, musiipime kwa hoteli ya Kinshasa, ya Arusha ao ya Lusaka. Muje Nyangwe siku ya soko. Mumupe mama mmoja simu ndogo, amulipe mtu wa Kigoma sabuni ya franka 50.000, na mwenye sabuni apokee shilingi zake kabla jua halijashuka. Ikifika, tutapiga makofi sisi wa kwanza. Isipofika, rudini kazini.

Wandugu, soma, tumia wengine, jadilini kwa parokia, kwa msikiti, kwa barza, kwa kivuko. Mwenye kuwa na hesabu zake za mshahara uliokatwa alete kwa vijana wa harakati wa kata yake.

Pesa yetu imetembea na miguu vya kutosha. Sasa ipumzike, na sisi tufanye kazi.

Vijana wa harakati ya raia, Nyangwe